Kiti cha gari na kigari cha mtoto wa kwanza: pa kutoa pesa na pa kubana

Mzazi mwenye bajeti ndogo akiingia dukani huonyeshwa kwanza seti ya tatu kwa moja: kiti cha gari, kikapu cha kulalia na kiti cha kutembezea, vyote vya rangi moja na vyote vinapachikwa juu ya fremu moja. Inapendeza macho, na bei ya jumla huonekana nafuu. Hukumu yetu ni tofauti. Kiti cha gari kinunuliwe kipya, baada ya kukijaribu ndani ya gari litakalotumika. Kigari kinaweza kuwa cha mtumba, mradi breki na maungio yake yawe mazima.

Tuanze na kiti, maana ndicho chenye mtego mkubwa zaidi. Kiti chenye kibali, kiwe cha bei ya chini au ya juu, kimelazimika kuvuka majaribio ya kiwango chake. Kwa viti vya Ulaya tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Kiwango cha zamani, R44, hupanga viti kwa uzito: kundi 0+ ni hadi kilo 13. Kipya, R129, kilichoanza kutumika mwaka 2013, hupanga kwa urefu wa mtoto, kinataka atazame nyuma ya gari hadi apite miezi 15, na kimeongeza jaribio la kugongwa ubavuni ambalo R44 haikuwa nalo. Ukiwa na chaguo, chukua R129. Viti vya Marekani hufuata kiwango cha huko kiitwacho FMVSS 213. Vile vya kitambaa na mikanda mitupu, visivyo na ganda gumu wala lebo, viache hapo hapo hata kama vinagawiwa bure.

Basi bei ya juu inalipia nini? Mara nyingi ni kitambaa laini zaidi, kiti kinachozunguka kwenye kitako chake, na ISOFIX. ISOFIX ni vyuma viwili vilivyofichwa pale kikalio cha gari kinapokutana na mgongo, na kiti cha mtoto hung'ata hapo. Faida yake kubwa ni kupunguza makosa ya kufunga. Kiti kilichofungwa sawasawa kwa mkanda wa gari hakikupungukii kitu, kwa hiyo hapa ndipo pa kubana pesa, kwa sharti kwamba utajifunza kukifunga.

Kuna aina tatu za kuchagua. Kiti cha kubebea chenye mpini humtosha mtoto mchanga vizuri na huingia karibu kila gari, ila hudumu takriban mwaka mmoja. Kinachokimaliza kwa kawaida ni urefu kabla ya uzito: kichwa kikikaribia ukingo wa juu wa ganda, kazi yake imekwisha. Kiti cha kugeuza, kinachotazama nyuma tangu kuzaliwa hadi mtoto afike kama sentimita 105, ndicho chenye thamani kubwa kwa pesa kidogo, ikiwa huna haja ya kumbeba mtoto akiwa ndani yake. Aina ya tatu, ile ya "kuzaliwa hadi miaka 12", inavutia kwa hesabu ya karatasini, lakini kwa mtoto wa kwanza hatuipendekezi bila kuipima. Mtoto anapotazama nyuma, mikanda ya mabega lazima itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, na viti hivi vingi vina tundu la chini lililo juu mno kwa mtoto mchanga. Nenda na futi ya kupimia. Tundu la chini likiwa sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye kikalio, elewa kuwa huenda kikampwaya.

Sababu ya kusisitiza kutazama nyuma ni maumbile. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na shingo bado haina nguvu. Gari likigonga mbele, kiti kinachotazama nyuma husambaza nguvu ile mgongoni, shingoni na kichwani kwa pamoja. Kikitazama mbele, kiwiliwili huzuiwa na mikanda huku kichwa kikirushwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi: ukifumuka, hulipiga ganda pale pale kilipo kichwa.

Jaribio la gari hufanywa hivi. Simamisha gari mahali tambarare, sogeza kiti cha dereva anapokaa kweli, kisha weka kiti cha mtoto nyuma. Vuta mkanda wote. Kwa viti vya kubebea, sehemu ya kiunoni hupita kwenye njia za rangi ya buluu pande zote mbili, na ile ya begani huzunguka nyuma ya ganda. Magari mengi ya zamani hushindwa hapa, mkanda ukiwa mfupi mno kufika kwenye kifungio. Kandamiza kiti kwa mkono huku ukivuta mkanda kurudi kwenye chombo chake, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Tazama pia kifungio cha gari: kikilala juu ya ukingo wa plastiki kimejipinda, kinaweza kufyatuka au kuvunjika katika ajali, na kiti hicho hakilifai gari hilo. Mwisho kagua mstari au kiputo cha kupima mlalo ubavuni. Kiti kikisimama wima mno, kidevu cha mtoto huangukia kifuani na kuziba pumzi.

Mtoto akishaingia, kaza mikanda mpaka ushindwe kubana mkunjo wake kwa vidole viwili begani. Koti nene livuliwe kwanza, kwa kuwa sufi yake hujikandamiza wakati wa ajali na kuacha mkanda umelegea. Mfunike blanketi juu ya mikanda badala yake.

Mtumba wa kiti una tatizo moja lisilo na dawa, nalo ni kwamba ganda lililowahi kupigwa katika ajali linaweza kuonekana zima kabisa. Kipokee kwa mtu unayemjua tu, anayeweza kukwambia historia yake yote. Kigeuze usome tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye plastiki, ukailinganishe na umri wa matumizi uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi miaka 6 hadi 10. Vua kitambaa ukague ile sponji ngumu nyeupe kama ina nyufa.

Sasa kigari. Huku uwanja ni mpana, na pesa kidogo hufika mbali. Sharti la kwanza ni mtoto mchanga kulala bapa, iwe ndani ya kikapu au kwenye kiti kinachoshuka karibu kabisa na mlalo. Kikapu huachwa mtoto akianza kujiinua au akifika kilo zilizoandikwa, kwa kawaida 9. Kwa hiyo kile kigari chepesi cha kukunja kama mwavuli, kisicholala, si cha kuanzia. Kinunue baadaye.

Jaribu ukiwa na begi la kilo 8 ndani yake. Kisukume kwa mkono mmoja, pinda kona, funga breki kwenye mteremko ukiangalia kama pini zimeingia magurudumu yote mawili ya nyuma. Kunja, inua, ingiza kwenye buti. Kigari cha kilo 14 ni mzigo mzito ngazini kwa mama aliyetoka kujifungua. Pima upana wake na upana wa mlango wenu pia. Matairi ya upepo hulainisha njia mbovu ila hupata pancha. Ya povu hayasumbui, lakini hurusha kwenye kokoto.

Kwenye mtumba, kagua ripiti za maungio, kitasa cha kukunjia na kile cha pili cha usalama, pini za breki zilizolika, na ukungu chini ya godoro. Gurudumu la mbele linalotetema huwa limelegea ekseli tu, na hilo hutengenezeka. Fremu yenye ufa kwenye ungio haitengenezeki.

Ukinunua adapta za kupachika kiti cha gari kwenye fremu, sikiliza mlio pande zote mbili kisha vuta juu kuhakikisha. Zitumie kwa safari fupi: mtoto asikae kwenye kiti hicho zaidi ya saa 2 mfululizo, na akifika nyumbani alazwe bapa. Mikanda ya kiti ikichafuka, ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Kuiloweka, kuitia dawa ya kung'arishia au kuipiga pasi hudhoofisha nyuzi, na mkanda dhaifu hauonekani kwa macho.