Katauti ya ekzosi: ipime ikiwa imefungwa

Wanaolalamikia katauti, yaani vali ya kutolea moshi kabla ya sailensa, karibu wote wana kilio kimoja. Wiki ya kwanza gari linanguruma vizuri, kila kitu safi. Baadaye unaanza mluzi mwembamba hata kama vali imefungwa, harufu ya moshi inaingia ndani gari likisimama kwenye foleni, na flanji (kola ya bolti inayoiunganisha na bomba) inapakwa masizi. Ukirudi kwenye tangazo la bidhaa unakuta limeeleza kipenyo, umbali wa rimoti na mngurumo. Kuhusu kisahani kikifungwa kinabana kiasi gani, hakuna hata neno.

Katauti ni tawi linalochomelewa kwenye bomba la ekzosi kabla ya sailensa, na ndani yake kuna kisahani kinachozunguka kwenye mhimili. Kikifunguka, moshi unatoka nje bila kupita kwenye sailensa. Kikifungwa, gari linarudi kwenye sauti yake ya kawaida. Zikifunguliwa, katauti zote za kipenyo kimoja hufanya kazi karibu sawa, kwa sababu tundu ni tundu. Tofauti ya pesa yako iko kwenye kufunga, na gari la kila siku hukaa limefungwa karibu muda wote.

Piga hesabu uone. Bomba la inchi 2.5, yaani mm 63.5, lina mzingo wa karibu mm 200. Kisahani kikiacha mwanya wa mm 0.2 kuzunguka pande zote, unene wa karatasi mbili tu, eneo la uvujaji ni karibu mm 40 za mraba. Hiyo ni sawa na kutoboa bomba kwa kekee ya mm 7. Hakuna fundi anayejiheshimu angekukabidhi gari lenye tundu hilo, lakini katauti nyingi zinauzwa nalo.

Mwanya huo una sababu, na sababu yenyewe inakuambia ununue nini. Metali inapanuka ikipata moto, kila moja kwa kiwango chake. Joto likipanda nyuzi 500, kisahani cha stenlesi cha mm 63.5 kinaongezeka takribani mm 0.5, na mwili wa alumini wa ukubwa huohuo takribani mm 0.7. Kwa hiyo vali ya alumini yenye kisahani cha stenlesi inaweza kubana vizuri mezani, kisha ikavuja injini ikishachemka. Ukichukua mwili wa chuma cha kawaida wenye kisahani cha stenlesi, mambo yanageuka: kisahani kinapanuka kuliko mwili, kinakwama, na mota inaungua ikijaribu kukizungusha. Mwili na kisahani viwe vya metali moja, na metali hiyo iwe stenlesi.

La pili ni kizingiti. Chungulia ndani ya vali. Zilizotengenezwa kwa akili zina ukingo wa nusu mwezi kila upande, ambao kisahani kinaukalia kikifunga, kama mlango unavyokalia fremu. Hapo mwanya wa pembeni unafunikwa. Zisizo na kizingiti zinategemea kisahani kilingane sawasawa na bomba, jambo lisilodumu baada ya moto na masizi ya miezi michache.

Kabla hujaifunga kwenye gari, ingia kwenye chumba chenye giza, funga vali, weka tochi upande wa pili. Vistari viwili vifupi vya mwanga karibu na mhimili vinavumilika. Mwanga ukizunguka kama pete, irudishe siku hiyohiyo. Kisha shika mhimili kwa vidole uusukume juu na chini. Ukiusikia unacheza, bushi zimelegea tangu kiwandani, na moshi utatokea hapo hata kisahani kikibana vipi.

Nafasi ya kwanza naipa katauti ya umeme ya stenlesi, na kwa jina nasema QTP ya Marekani. Sifichi upendeleo huu. Sababu kubwa ni kwamba mota yake inauzwa peke yake. Mota ndiyo inayokufa kwanza kwenye katauti yoyote ya umeme, kwani inaishi chini ya gari pamoja na maji, matope na joto. Ikifa, unafungua skrubu chache, unaweka nyingine, na bomba lililochomelewa haliguswi. Hata hivyo, hata hiyo ipitishe kwenye tochi kabla ya kuifunga kwenye gari.

Ya pili ni ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Haina mota wala gia. Kuna diaframu ya mpira inayovutwa na vakyumu ya injini, na springi inayorudisha. Chagua ile ambayo springi yake ndiyo inayofunga, ili bomba lake la mpira likikatika njiani gari libaki kimya. Kwa injini ya turbo utahitaji vali ya kuzuia kurudi na tangi dogo la akiba, maana turbo ikianza kusukuma, vakyumu kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) inatoweka. Injini nyingi za dizeli hazina vakyumu ya kutosha kwenye manifoldi, hivyo chukua kutoka kwenye pampu ya vakyumu ya breki kama gari linayo, kwa kiungio chenye vali ya kuzuia kurudi ili breki isidhoofike. Udhaifu wake ni mipira: isiguse ekzosi, na diaframu iwe mbali na bomba au ikingwe kwa bati.

Ya tatu ni ya kebo na wenzo wa mkono. Haina cha kuungua, ila kebo ikipinda kwa kona kali inakwama na kisahani kinabaki nusu. Weka springi ya kuirudisha.

Za bei ya chini: ya umeme ya mwili wa alumini, iache. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, na moshi wa injini ya turbo inayofanya kazi ngumu unaweza kupita hapo. Kifuniko cha bati chenye bolti tatu na gasketi kinafunga vizuri sana. Unalala chini ya gari kila unapotaka kukifungua.

Wauzaji nao wana lao. Wanaandika "seti kamili", unafungua boksi hukuti gasketi, au unakuta ya karatasi itakayoungua siku ya kwanza. Nyaya ni nyembamba, hazina kishikio cha fyuzi. Wanaandika inchi 3 bila kusema ni kipenyo cha ndani au cha nje, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tawi litaingia kwenye bomba lako au utalazimika kununua kipande kingine. Picha zote zinaonyesha kisahani kimefunguka na kung'aa. Omba picha kikiwa kimefungwa, tochi ikiwa nyuma yake. Anayekataa kuipiga amekwisha kukujibu. Uliza pia kama mota inapatikana peke yake, maana kulipia seti nzima kwa sababu ya mota ndogo ni kuumizwa bure.

Kuhusu mahali pa kuiweka, kuna mpaka usiovukwa: nyuma ya kataliti (kisafishaji cha moshi wa ekzosi) na nyuma ya sensa zote za oksijeni. Ekzosi haisukumi tu, inapiga mapigo, na katikati ya mapigo inavuta hewa kupitia kila ufa. Ufa ukiwa mbele ya sensa, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mchanganyiko una petroli kidogo, inaongeza, na gari linakula mafuta bila sababu. Mdomo wa tawi uelekee nyuma na chini, mbali na matairi, mabomba ya breki na ya mafuta, na kamwe usielekee sakafu ya gari. Moshi una kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo inaua. Usiifungue ndani ya gereji wala gari likiwa limesimama huku watu wamo ndani. Sheria za barabarani katika nchi nyingi zinakataza kuikwepa sailensa, kwa hiyo ulizia kwanza. Kwa wengi, kuifungua ni kwa uwanja wa mashindano tu.

Kazi yenyewe si ndefu. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake, na ekzosi iwe imepoa. Chomoa nyaya za betri. Pima kipenyo cha nje cha bomba, shikiza tawi mahali pake, zungusha kuona kama mota itapata nafasi juu au ubavuni. Ikiwa chini kabisa, jiwe la kwanza litaiondoa. Weka alama, kata kwa grainda, safisha kingo. Chomelea nukta nne kwanza, rudisha bomba kwenye mipira yake uangalie halijapinda, ndipo umalize mzunguko mzima.

Kosa linaloharibu katauti nzuri kuliko yote hutokea hapa: kuchomelea flanji huku vali ikiwa imekazwa kwa bolti juu yake. Joto la kuchomelea linapinda kizingiti cha kisahani, na vali iliyopita mtihani wa tochi asubuhi inavuja jioni. Itoe kabisa. Acha flanji ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji, weka rula juu yake, na kama kuna bonde lisawazishe kwa tupa. Ndipo uweke gasketi ya grafiti na kukaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, ukizirudia baada ya safari ya kwanza ya moto.

Umeme wa mota upite kwenye fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo, karibu na chanzo. Mota hubadilisha mwelekeo kwa kugeuza chanya na hasi, hivyo swichi yake ina pini sita na inarudi katikati ukiiachia. Ukiendelea kuibonyeza kisahani kikishafika mwisho, mota inakunywa umeme wote bila kuzunguka na gia zinavunjika. Seti yenye kidhibiti kinachokata umeme mkondo unapopanda ina thamani ya bei yake ya ziada.

Gari lisilofunguliwa katauti mara kwa mara huiua kwa masizi. Izungushe kila wiki injini ikiwa imezimwa, mara tatu nne, ukisikiliza mota. Ikianza kuzunguka polepole, usingoje ikwame: itoe vali kwenye gari, piga kingo za kisahani na kizingiti kwa brashi ya waya, kisha irudishe kwenye mwanga wa tochi kabla ya kuifunga tena.