Uzoefu wangu na seti ya kufuma shali kwa wanaoanza: uzi safi, karatasi ya kuvunja moyo

Nilisubiri hasira zipoe kwanza ndipo niandike, lakini kila nikiikunjua ile karatasi ya maelekezo zinapanda upya. Basi naandika hivyo hivyo. Nazungumzia seti ya kufuma shali ya pembetatu inayouzwa mtandaoni kwa watu ambao hawajawahi kushika sindano. Unaletewa uzi, sindano, karatasi na video. Uzito wa uzi na saizi ya sindano vimeandikwa kwenye boksi, mtajisomea wenyewe. Mimi nina neno na mstari wa 10.

Shali yenyewe ni rahisi kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuna kitanzi cha kinyume hata kimoja, ni kufuma kawaida mbele na nyuma mpaka mwisho. Unaanza na vitanzi 3, unafuma kipande chembamba cha utepe, unakigeuza ubavu, unaokota vitanzi 3 pembeni yake na 3 vingine kule ulikoanzia. Jumla 9. Kutoka hapo, kila mstari wa upande wa mbele unaongeza vitanzi 4 kwa kuzungusha uzi juu ya sindano: kimoja kila ukingo, na kimoja kila upande wa kile kitanzi cha katikati. Mstari wa nyuma unarudi tu, huongezi kitu. Kwa hiyo kila mistari miwili inakupa vitanzi vinne. Mistari kumi inakupa ishirini. Jumlisha na vile 9 vya mwanzo, unapata 29.

Sasa karatasi inasemaje? "Mwisho wa mstari wa 10 uwe na vitanzi 49. Hesabu ikiwa tofauti, fumua uanze upya."

Arobaini na tisa!

Mfumaji mzoefu angeipita namba hiyo bila kuitazama mara mbili. Anayeanza hawezi. Anayeanza haiamini mikono yake, anaiamini karatasi. Nilihesabu nikapata 29. Nikahesabu tena nikigusa kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, 29. Nikafumua, kwa sababu nimeambiwa nifumue. Nikaanza upya, nikafika pale pale, 29, nikafumua tena. Ilifika mahali nikawaza labda kuzungusha uzi juu ya sindano mara moja hakutoshi, nikawa nauzungusha mara mbili, yakatokea matundu ya kupitisha kidole, na bado 49 haikupatikana. Jioni ngapi zilipotea hivyo sitaki hata kukumbuka.

Nikakimbilia video. Kwa haki kabisa, mwalimu anafuma vizuri, mikono inaonekana na hana papara. Anaonyesha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, taratibu. Halafu karibu na mstari wa sita picha inakatwa, na ghafla ameshika shali iliyofika nusu, anasema "tunaendelea hivyo hivyo". Pale hasa ninapotaka tuhesabu pamoja, ameshanikimbia.

Niseme na mazuri, maana yapo. Uzi ni wa sufu halisi, umesokotwa vizuri, na niliufumua mara sijui ngapi bila kuchambuka. Rangi ni ya kupauka kidogo, kila kitanzi unakiona. Aliyeuchagua anawajua wanaoanza. Angetuletea uzi mweusi vitanzi visingeonekana, na angetuletea ule wa manyoya kama mohair tusingeweza hata kufumua, maana manyoya yanashikana na vitanzi vinang'ang'aniana. Sindano nazo ni zile mbili zilizounganishwa kwa waya, na ndizo zinazotakiwa, kwa kuwa shali hii inapanuka mpaka vitanzi havienei tena kwenye sindano fupi ya kawaida. Kwa vitu hivi nilikuwa tayari kuwapa nyota nne, ile namba niichukulie ni bahati mbaya ya uchapaji.

Kisha nikawaandikia. Niliandika kwa adabu, nikaambatanisha picha ya kazi yangu na ile hesabu ya 9 na 20. Baada ya siku kadhaa wakanijibu kwamba wateja wao wengi wamemaliza shali hii bila tatizo, nijaribu kuhesabu polepole, na nikiona bado ni ngumu wanayo seti ya skafu iliyo rahisi zaidi.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi na kila mara mikono inatetemeka. Aliyejibu hakujishughulisha kupiga hesabu ambayo angeimaliza kwa vidole. Nimeleta ushahidi, nimeambiwa mimi ndiye sijui kuhesabu, na papo hapo nauziwa kitu kingine! Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni kwa ambao hawajawahi kufuma. Sasa huyo ambaye hajawahi kufuma anapokuja na swali, mnamwambia akatafute kilicho rahisi zaidi?

Aliyeniokoa ni rafiki yangu, mfumaji wa siku nyingi. Aliitandaza kazi yangu mezani akainyoosha kwa viganja. Hakugusa vitanzi kwanza, alihesabu matuta. Ukifuma kawaida mbele na nyuma, kila mistari miwili inaacha tuta moja linaloonekana, kwa hiyo huhitaji kukumbuka umefika mstari wa ngapi, kazi yenyewe inakuonyesha. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye ule utepe kushuka chini: moja, mbili, tatu, nne, tano. "Matuta matano, vitanzi ishirini na tisa. Kazi yako haina kosa hata moja." Ndipo akaichukua karatasi, akaisoma, akaandika hesabu pembeni kwa penseli. Vitanzi 49 vinapatikana mwisho wa mstari wa 20, yaani matuta 10. Aliyeandaa maelekezo, inavyoonekana, alihesabu matuta akayaandika kuwa mistari.

Machozi yalinilenga, na hayakuwa ya furaha. Vile vipande vyote nilivyofumua vilikuwa sahihi.

Baada ya hapo shali ilikwenda yenyewe. Nilifika matuta 60, vitanzi 249, bila kukwama. Mwishoni karatasi inasema tu "funga vitanzi", kana kwamba inatosha. Rafiki yangu akanionya nifunge kwa sindano iliyo nene kuliko niliyofumia, kwa sababu ukingo ukikaza, pembetatu nzima inajivuta ndani na haitandazi mabegani. Tena ni yeye aliyenifundisha kuilowesha kwenye maji ya vuguvugu, kuikamua ndani ya taulo bila kuisokota, kisha kuivuta na kuibana kwa pini mpaka ikauke. Sufu ikikauka imevutwa inashika umbo, na shali iliongezeka ukubwa mbele ya macho yangu. Haya yote karatasi haikuyagusa hata kwa sentensi moja.

Shali ni nzuri. Naipenda, na nimeulizwa mara kadhaa nimeinunua wapi. Kwa hiyo nilipoanza kuandika haya nilisema moyoni nitoe nyota tatu, na nimshauri kila mwenye jirani au rafiki anayejua kufuma ainunue, maana uzi ule unastahili. Lakini kadiri ninavyoandika naona siwezi. Mwenye mwalimu pembeni anaweza kununua uzi wowote mzuri na sindano akafuma shali hii hii. Seti inatengenezwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake na karatasi, na huyo ndiye iliyemtupa. Wangapi waliishia kwenye 29, wakafumua, wakaisukuma kazi ndani ya droo na kujiambia hawana mkono wa kufuma? Hao ndio "wateja wengi" ambao hawakulalamika. Nyota moja, na msinunue.

Kwa ambaye ameshainunua: chukua kalamu, futa 10 uandike 20, usifumue kitu. Weka uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha katikati usikipoteze, na hesabu matuta.

Niliwaandikia tena baada ya kumaliza, hesabu yote nikaipanga hatua kwa hatua. Jibu lilikuwa "Asante kwa maoni yako." Jana nimeingia tena wanakouzia nikaikuza picha ya ile karatasi. Bado ni mstari wa 10, bado ni vitanzi 49.