Sondaji ya kwa telefone hapa Lubumbashi: nabapatia nyota tatu juu ya tano

Bandugu, kama bado habajakupigia, siku moja batakupigia tu, juu hii huduma ya sondaji, ni kusema kuuliza raia mawazo yake kwa telefone, sasa inazunguka kila komini, Kamalondo, Kenya, Katuba, mupaka Ruashi. Jina ya kampuni siandike, niko na mambo ya kubalaumu na sitafute kesi. Lakini kuuliza raia mawazo yake ni kazi kubwa, inafaa tuiangalie sawa vile tunaangalia resto ao garaji.

Nianze na ile yenye ilinifurahisha. Dada mwenye alinipigia aliongea Kiswahili ya hapa kwetu, si ile ya kusoma kwenye karatasi. Akasema jina yake, akasema itachukua dakika kama ishirini, akauliza kama niko na nafasi, akasema swali yenye sipendi naweza kuiruka. Akaongeza, "Papa, hakuna jibu ya muzuri wala ya mubaya, mimi naandika tu vile utasema." Hapo moyo inatulia, maana hapa kwetu namba yenye hujui ikikuuliza mambo ya siasa unaanza kufikiri ni batu ba usalama. Hakuomba jina kamili, hakuomba namba ya karte, na uniti za telefone zenye balinihaidi juu ya kujibu zilifika. (Mwenye ataomba kode yako ya pesa, huyo ni mwizi, kata telefone.)

Jirani mumoja aliniambia ni bongo tu, muji iko na mamilioni ya batu, bataulizaje elfu moja? Apana, hapo nabatetea. Batu elfu moja benye wamechaguliwa kwa bahati nasibu, bila kupendelea mutu, banatosha, jibu inaweza kukosea pointi kama 3 kwa mia juu ao 3 chini. Shida si wingi, shida ni nani anaachwa inje. Marekani mwaka 1936 gazeti ya Literary Digest ilituma barua karibu milioni 10, ikapata majibu zaidi ya milioni 2, ikasema Landon njo atashinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa raisi. Majina balitoa kwenye vitabu vya telefone na liste ya benye motokari, wakati nchi iko kwenye njaa, maskini hakuwa na telefone. Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mutu wa sondaji mwenye aliuliza batu kidogo sana kupita bale, alisema Roosevelt.

Sasa tuangalie hapa. Mama mwenye anauza makala ku komini Annexe, telefone ya nyumba iko kwa bwana, bwana njo anajibu. Kule vijiji vya Mitwaba na Pweto mutu anatafuta rezo juu ya kilima. Hawa bote si batu ba jimbo yetu ya Haut-Katanga? Nilimuuliza yule dada kama banafikaka kule, akajibu kwa heshima kwamba hiyo inaangaliwa na bakubwa bake. Sawa, haiko kosa yake, lakini bakubwa bajue kwamba sauti ya mwenye telefone na umeme haiwezi kuitwa sauti ya jimbo muzima.

Sasa maswali, na hapa njo roho iliniuma kabisa. Swali moja ilikuwa hivi: uchaguzi wa gavana ukifanyika leo, utapigia nani kura? Bandugu, raia hapigiake gavana kura! Katiba ya 2006 inasema gavana anachaguliwa na badeputé ba jimbo. Sisi tunachagua badeputé, na bale njo banachagua gavana na maseneta. Mutu mwenye hajui ile atajibu jina, kampuni itaandika jina, kesho itatoka kwamba raia wa Lubumbashi banataka fulani, na ule musikilizaji atabaki anaamini kabisa kwamba iko na kura ya gavana mukononi. Badala ya kufundisha, bamemupoteza zaidi.

Ingine ilikuwa: unakubali katiba ibadilishwe ili nchi iende mbele? Nani atakataa nchi iende mbele? Tangu raisi Tshisekedi aongee mambo ya kubadilisha katiba kule Kisangani Oktoba 2024, hii ni swali ya moto, na swali ya moto inahitaji maneno safi. Kubadilisha nini? Kuna vitu artikle 218 inaruhusu kurekebisha, kwa referendum ao kwa kura ya 3/5 ya Bunge na Seneti bakikaa pamoja, na kweli ilishafanyika, mwaka 2011 tulitoka uchaguzi wa raisi wa duru mbili tukaingia wa duru moja. Na kuna vitu artikle 220 imefunga kabisa, hesabu na muda wa mandati ya raisi iko ndani. Mutu anaweza kutaka ya kwanza na kukataa ya pili, lakini kwenye karatasi yabo iko ndiyo na apana tu. Nilisema "sijui kwa sababu hamujasema artikle gani", dada akanyamaza kidogo, akasema, "Papa, hapa lazima nichague moja." Ile "sijui" yangu haikuwa na fasi.

Na hii si kitu ya kudharau. Marekani kule Cincinnati, mwisho wa miaka ya 1970, profesa George Bishop na benzake baliuliza batu juu ya sheria yenye haiko, ya kutunga tu, na kama theluthi moja balitoa maoni. Batu si bajinga, mutu akiulizwa anaona haya kusema hajui. Njo maana ile "sijui" inapaswa kusomwa kwa sauti pamoja na majibu ingine, na mbele ya swali inafaa kueleza kitu kwa sentensi mbili. Jirani zetu Uganda, kule Bududa na Butaleja mwaka 2014, walifanya vizuri zaidi: raia balichaguliwa kwa bahati nasibu, bakaelezewa mambo, bakajadiliana kwa vikundi vidogo, kisha bakaulizwa tena. Ile ni heshima kwa mwananchi.

Kitu ya mwisho, matokeo. Sisi tunatoa dakika zetu, lakini majibu yanaenda kwa mwenye alilipa, na ni nani alilipa haisemwi. Tunajua sondaji inaweza kuwa na uzito namna gani. Mbele kidogo ya uchaguzi wa raisi wa Desemba 2018, sondaji ya BERCI, kampuni ya sondaji ya hapa Congo, na Kundi la Utafiti juu ya Congo ilimupa kandida Fayulu 47%, Tshisekedi 24%, Shadary 19%. CENI, tume ya uchaguzi, yenyewe ikatangaza Tshisekedi 38,57%, Fayulu 34,8%, maaskofu Bakatoliki ba CENCO bakasema haipatane na ile waangalizi babo waliona. Kila mutu na maoni yake, lakini ile sondaji ilikuwa imechapishwa, mutu aliweza kuifungua na kuipima mwenyewe. Hii yetu ya telefone inajificha, haisemi swali lilikuwa lipi, tarehe gani, batu bangapi, bangapi balikataa kujibu.

Nyota tatu, karibu zote ni za yule dada na benzake. Baandike swali ya gavana upya, baongeze "sijui", batangaze nani analipa, nitaongeza ya nne. Na wewe bakikupigia, jibu, usikate, lakini usione haya kumwambia arudilie swali polepole, na kama haiko wazi sema haiko wazi, hata akikulazimisha ndiyo ao apana.