Njombe–Makambako kwenda na kurudi, baridi ya Julai: nimejaribu glavu jozi tatu

Kamwene, ndugu zangu. Karibuni tena. Hapa mezani nina jozi tatu za glavu, na leo tunazungumzia hizi tu. Tangu Juni ianze mmekuwa mkiniuliza koti gani linafaa kwa safari ndefu za baiskeli za asubuhi, na kila ninapotaka kujibu najikuta nimerudi kwenye mikono. Koti nitaligusa, ila mbele kidogo.

Kwanza mjue nimezijaribia wapi. Ni njia yangu ile ile ya mazoezi: natoka Njombe mjini, napita Kibena kwenye mashamba ya chai, nakwenda hadi Makambako, nageuza. Kama kilomita 60 kwenda, 60 kurudi, peke yangu, hakuna gari linalonifuata. Njombe iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Makambako iko chini yake. Kwa hiyo asubuhi, baridi ikiwa kali, wewe ndio unateremka, hukanyagi sana na upepo unakupiga kifuani. Kupanda kunakusubiri mchana, umeshachoka. Kila jozi nimeivaa safari tatu, mwezi wote wa Julai, na natoka saa 12 na nusu, bado ukungu haujanyanyuka.

Asubuhi ya baridi kuliko zote kipimajoto changu kilisoma nyuzi 5. Najua ndugu zangu wa Makete mtasema hiyo ni kawaida tu, maana kule Kitulo, kwenye mita 2,600, mtu anaamka anakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Ni kweli. Lakini hesabuni na upepo. Katika nyuzi 5, ukiteremka kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile uko kwenye nyuzi sifuri. Na wa kwanza kuupokea upepo huo ni vidole vilivyoshika usukani. Miguu angalau inazunguka. Mikono imetulia pale pale, na mwili ukihisi baridi unabana mishipa ya damu ya mikononi ili joto libaki kifuani na tumboni. Vidole vinaachwa vijitegemee.

Sasa mtu ataniambia: si ukanyage kwa nguvu, utapata joto? Hapo ndipo mazoezi yenyewe yanapoharibika. Safari hizi za saa tano, sita, ni za kujenga pumzi ya muda mrefu. Mwendo wake ni wa polepole, ule ambao ungeweza kuzungumza na mtu sentensi nzima bila kuhema. Mwendo huo hautoi joto jingi. Ukikimbiza baiskeli ili upate moto, umebadilisha zoezi, na kilomita 60 za kurudi zitakudai. Ukikubali kutetemeka nako, misuli inachoma ile ile akiba ya wanga uliyotakiwa kurudi nayo nyumbani. Joto inabidi livaliwe, lisitafutwe kwenye pedali.

Jozi ya kwanza ni hii nene. Ni glavu za watu wanaoteleza kwenye theluji, nimezipata mitumba hapa sokoni kwa shilingi 5,000. Joto zinalo, tena la kutosha. Kuanzia Kibena vidole vilikuwa sawa kabisa. Tatizo angalieni hapa: nikishika breki, nahisi pamba tu, sijui nimebana kiasi gani. Kwenye mteremko, barabara ina umande, lori linakuja nyuma, mimi sikubali kutojua breki yangu. Baada ya safari ya pili nilikuwa nimeshaamua, ya tatu nilikwenda ili tu nitimize ahadi niliyowapa. Kwa anayekwenda dukani na kurudi asubuhi, zinafaa. Kwa mteremko mrefu, hapana.

Jozi ya pili ndiyo niliyoitegemea. Hizi ni neoprini, kitambaa kile kile cha nguo za wapiga mbizi. Zinabana mkono, breki unaisikia vizuri, na hata zikilowa hazikuachi, kwa sababu maji machache yanayoingia yanakaa kati ya ngozi na kitambaa na mwili unayapasha joto. Safari ya kwanza ukungu ulikuwa karibu mvua, nikafika Makambako mikono ya moto. Nilifurahi sana siku ile, nikadhani kazi imekwisha.

Safari ya pili jua lilitoka mapema. Neoprini haipitishi jasho. Kufika saa 4 mikono ilikuwa imelowa ndani kama imetoka kwenye beseni. Nikisema nizivue, hazitoki, zimenata. Nikizivua kwa kuzigeuza nje ndani, kuzirudisha mikono ikiwa na maji ni vita. Basi nikaziacha. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri: nilipoziacha mikononi, niliacha kula. Mfuko wangu wa nyuma ulikuwa na viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi, na kashata zimefungwa kwenye nailoni. Kwa vidole vile siwezi kufungua nailoni. Nikawa najiambia, nitakula mbele, nitakula kwenye kivuli kile. Kiu nayo kwenye baridi huisikii, kwa hiyo hata maji nilikunywa kidogo. Kilomita ya 95, kwenye kupanda, mwili ukazima. Macho yanaona giza, miguu haina kitu, jasho la mikononi limegeuka baridi kwa sababu upepo ulirudi. Nilikaa chini pembeni ya miti ya miwati zaidi ya nusu saa nikitafuna viazi kimoja kimoja, mikono inatetemeka.

Siku hiyo nilielewa kwamba glavu za safari ndefu ni chombo cha kulia pia. Mkono usioweza kufungua chakula, kushika tyubu au kubonyeza simu haukusaidii, hata uwe na joto namna gani. Ukiwa peke yako na pancha kilomita 40 kutoka nyumbani, hao vidole kumi ndio mafundi wako wote.

Na msidhani hili ni la sisi wa mazoezi tu. Aprili 1980, mbio za Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji, theluji iliwakuta njiani. Walioanza walikuwa 174, waliomaliza ni 21. Bernard Hinault, Mfaransa, alishinda kwa zaidi ya dakika 9, ushindi ambao watu wanausimulia hadi leo. Lakini baridi ile ilimwachia madhara kwenye vidole viwili, hisia zake hazikurudi kama zamani. Bingwa mkubwa namna ile, mwili wenye moto namna ile. Nikimfikiria yeye, sioni aibu kutumia video nzima kwa ajili ya glavu.

Jozi ya tatu, na hii ndiyo ninayoivaa sasa, kwa kweli ni glavu mbili. Ya ndani ni ya sufu nyembamba. Ya nje ni ganda la kitambaa chepesi kinachozuia upepo, halina pamba yoyote, nimelichukua namba moja kubwa zaidi. Ukubwa huo ni wa makusudi. Glavu ikibana inafukuza hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Tena inabana damu ambayo tayari haitoshi. Sufu nayo ina sifa moja naipenda: inaweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa.

Saa 12 na nusu natoka nimevaa zote mbili. Ukungu ukiisha, ganda linavuliwa kwa meno huku mkono mmoja uko kwenye usukani, linaingia mfukoni, halichukui nafasi. Nabaki na sufu, na kwa sufu nafungua kashata, nashika tyubu, kila kitu. Kwenye safari ya tatu nilipata pancha karibu na Makambako, nikang'oa tairi, nikabandika kiraka bila kuvua. Ubaya upo: ganda likinyeshewa mvua kubwa linapitisha maji, na sufu imeanza kutoboka kwenye kidole gumba cha kulia baada ya mwezi mmoja. Nitaiziba kwa sindano.

Sasa koti. Kifua kikipoa, mwili utazidi kuinyima mikono damu, hata uvae glavu gani. Lakini huhitaji koti la bei. Kizibao cha kuzuia upepo kinatosha, shingo ifunikwe, na mkono wa nguo uingie ndani ya glavu, pasiwe na nafasi kwenye kifundo, maana pale damu inapita karibu sana na ngozi. Siku ukisahau kizibao, ingiza gazeti kifuani chini ya fulana. Waendesha baiskeli wa Ulaya wamefanya hivyo miaka mingi kabla ya kushuka milima, na linafanya kazi, nimelijaribu.

Chai ya tangawizi nabeba kwenye chupa ndogo ya chai, nainywa Makambako kabla ya kugeuza. Viazi nimeacha kuvifunga kwenye nailoni, navikunja kwenye kitambaa. Na kabla sijatoka namwambia mke wangu saa ya kurudi.

Neoprini sizigawi. Zinakaa kabatini zikisubiri mvua za Machi, na mkitaka nitawarekodia tena siku ile nikiwa nimelowa kweli.