Kupima pumzi: kuihifadhi kwanza au kuisoma papo hapo?

Mwaka 1971 mkemia Linus Pauling na wenzake waliigandisha pumzi ya watu, wakaipitisha kwenye kromatografia ya gesi (njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika), wakakuta kemikali zipatazo 250. Hadi leo watafiti wengi hufuata njia ya ukoo huo: mtu anapuliza mfukoni, hewa inapitishwa kwenye mrija wenye chembe za kunasa kemikali, na mrija unapashwa moto maabara. Kemikali zinatenganishwa, kisha spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa chembe, inazitambua. Ni kazi ya polepole, na mfuko ukikaa sana, baadhi ya kemikali hupotea.

SIFT-MS, aina ya spektrometa ya masi inayosoma pumzi papo hapo, haisubiri. Unapuliza moja kwa moja kwenye mashine, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) kama H3O+ zinakutana na pumzi, na kiwango cha asetoni kinasomeka ndani ya sekunde chache. Asetoni hupanda mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, hivyo aliyefunga tangu alfajiri anaweza kufuatiliwa pumzi kwa pumzi. Huo ni uzuri ambao mfuko hauna.

Udhaifu wake uko kwenye kemikali zenye uzito sawa. Zailini na ethilibenzini, zote masi 106, huwa vigumu kuzitofautisha.

Ningekuwa natafuta dalili ya saratani isiyojulikana bado, ningechagua kromatografia bila kusita. Nikijua ninachokifuata, SIFT-MS. Kwa vyovyote, hewa ya chumba nayo ipimwe: spiriti ya kusafishia mikono wodini huingia kwenye pumzi ya mgonjwa na kumdanganya mtafiti.