Tyubu tano za krimu, kisha daktari mmoja wa ngozi: uzoefu wangu Mbeya

Kidonge cha mwisho nimemeza juzi, kwa hiyo naandika mambo yakiwa bado mabichi. Watu kadhaa huku Tukuyu wameniuliza kama kwenda kliniki ya ngozi Mbeya mjini kuna faida au ni kumaliza nauli tu. Faida ipo. Malalamiko nayo ninayo, nitayasema.

Ilianza mwezi wa tatu, kwenye zile mvua zetu za Rungwe ambazo nguo inakaa kambani siku tatu na bado ina unyevu. Kikatokea kiduara mkononi, chini kidogo ya kiwiko, kinawasha. Nikajiambia ni choa, kitaisha chenyewe. Kikaja cha pili tumboni. Nikaenda duka la dawa, na kijana wa pale hakuniambia hata nikunje mkono wa sweta. Nilisema tu nawashwa, akavuta tyubu rafuni: "Hii mama inamaliza kila kitu."

Na kweli, usiku wa pili nililala fofofo. Ndiyo maana siwacheki wanaoipenda krimu ile. Kasheshe ni ukiacha kupaka: siku ya nne muwasho umerudi, tena kwa hasira. Nikanunua nyingine, na nyingine, hadi zikafika tano. Kile kiduara kikapoteza umbo, kikawa kama ramani isiyo na mipaka, vipele vidogo vidogo humo ndani, kinapanda kuelekea begani. Shangazi yangu akaacha kunishika mkono tukisalimiana. Hakutamka neno ukoma, ila nililiona machoni mwake.

Hospitali yenyewe siitaji. Nilikata kadi saa moja asubuhi, nikaitwa saa tano na nusu. Benchi la saruji, mwezi wa sita, na wanaoijua baridi ya Mbeya watanielewa. Hapo naondoa nyota moja bila huruma.

Daktari ni dada mdogo kwangu kiumri, amesomea ngozi Moshi, kwenye kile kituo cha hospitali ya KCMC kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Kitu cha kwanza alinisogeza dirishani penye mwanga. Akakagua mikono, mgongo, kucha, kichwa, mpaka katikati ya vidole vya miguu. Kisha akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa na kipande cha pamba, nami nioneshe kwa kidole alipogusa. Nilipata zote. "Baka la ukoma mara nyingi halisikii mguso," akasema, "na hata ungekuwa ukoma, mama, dawa zake ni bure na unapona." Sikuwa nimemwambia habari za shangazi. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Pasaka.

Akaomba kuona nilichokuwa napaka. Nashukuru niliibeba tyubu, na wewe ukienda beba kila kitu, hata sabuni. Akanisomea maandishi yale madogo: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na betamethasoni, ambayo ni stiroidi. Stiroidi ndiyo iliyokuwa inanibembeleza. Inatuliza uvimbe na muwasho, lakini pia inalaza kinga ya ngozi pale pale, kwa hiyo fangasi wanatanuka bila kubughudhiwa, na ile duara inayomsaidia daktari kuwatambua inafutika. Kumbe ni jambo linalojulikana kabisa kwenye tiba. Akanionesha pia michirizi iliyoanza kwenye mkunjo wa kiwiko, ngozi imekuwa nyembamba. Michirizi hiyo, alisema bila kuzunguka, haitafutika yote.

Kipimo chenyewe ni kirahisi hadi nikaona aibu ya miezi mitatu. Alikwangua ukingo wa baka kwa wembe butu, unga ule ukaangukia kwenye kioo, akadondoshea potasiamu haidroksaidi. Dawa hiyo inayeyusha seli za ngozi na kuwaacha fangasi. Baadaye nikaitwa nichungulie kwenye hadubini: fangasi wenyewe, nyuzi zenye matawi, kama mizizi ya nyasi.

Halafu likaja swali ambalo hakuna duka lingeniuliza. "Nyumbani mnafuga nini?" Nikamwambia ng'ombe wa maziwa na ndama. Ndama ana mabaka usoni? Anayo, ya kijivu, yamenyonyoka manyoya, sisi tulidhani ni kamba inamchubua. Na anayemshika kila asubuhi, akimkumbatia kwa mkono huohuo na tumbo hilohilo mama yake akikamuliwa, ni mimi. Daktari hakuapa kwamba fangasi wangu walitoka kwa ndama, kwa kuwa kujua aina hasa kunahitaji kuotesha maabara kwa wiki kadhaa, lakini alinituma kwa bwana mifugo.

Dawa niliyopewa ni griseofulvini, vidonge vya kuua fangasi, vya wiki 6. Kabla ya kuandika aliuliza kama nina mimba, nanyonyesha, au natumia vidonge vya uzazi wa mpango, maana haviendi pamoja. Akasisitiza nimeze na chakula chenye mafuta ndipo mwili uifyonze vizuri. Mtu wa Rungwe kuambiwa ale mafuta! Parachichi lipo uani, nikawa nakula nusu kila mlo wa jioni.

Nyota ya pili ningeiondoa kwa sababu ya wanafunzi wanne walioingia wakati nimevua blauzi, bila mtu kuniuliza. Naelewa lazima wajifunze, lakini wabishe hodi. Na duka la dawa la hospitali halikuwa na vidonge, nikazunguka mjini hadi saa kumi. Nimeirudisha nyota hiyo kwa ajili ya ile pamba.

Wiki ya kwanza baada ya kuacha krimu muwasho ulipanda vibaya, alinitahadharisha. Wiki ya tatu ukakatika. Sasa yamebaki madoa meusi yasiyowasha, ambayo yanaweza kuchukua miezi kufifia kwenye ngozi kama yangu. Shangazi amenishika mkono Jumapili. Ndama bwana mifugo anampaka ayodini, nami namshika nikiwa na glavu. Manyoya yameanza kuota juu ya jicho la kushoto.