Rejeta ya trekta kuukuu inavuja: dawa ya kuziba au kulehemu?

Kabla ya kuchagua, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, huenda maji yanapita kwenye gasketi ya silinda hedi (kizibo chini ya kichwa cha injini) au mipira ya laina (inayozuia maji kwenye silinda). Hapo njia zote mbili hazifai. Zima injini, usiiwashe tena.

Kama ni rejeta yenyewe, dawa ina mvuto wake: unaimimina, injini inapata moto, tundu dogo linaziba. Kwa kumalizia siku ya kulima, sawa. Lakini rejeta ya zamani tayari ina kutu na chokaa, na dawa haichagui tundu. Inaweza kuziba mirija myembamba pia, kisha injini ikaanza kuchemsha, na ulichookoa kikawa hasara kubwa zaidi.

Kulehemu kunataka subira: ishushe rejeta, isafishe, ziba midomo, itie hewa kidogo ndani ya pipa la maji uone mapovu yanakotokea. Rejeta ikiwa ya shaba, hushika risasi ya kulehemu vizuri. Mimi nachagua hii, maana unaliona tundu kabla ya kuligusa. Ukiirudisha, badilisha pia mipira ya maji iliyopasuka.